Kigogo Kwenye Klachi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi kidogo, maana daktari ameacha kunipa tarehe za kurudi, na Jumamosi binti yangu anayesimamia shamba letu analeta trekta jipya lenye kibanda cha kioo, linalonyoosha mistari lenyewe bila mtu kushika usukani, na lile la zamani linakwenda kusimamishwa langoni mwa chuo cha kilimo, likiwa na kibao cha shaba chenye jina langu, kwa kuwa wilaya nzima inaniita Mwalimu Rula kutokana na mistari ya shamba letu, iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote. Mshauri, mistari ile si yangu. Kilimo nilikifundisha ubaoni vizuri sana, lakini nikipanda trekta nililima kama mlevi anayetafuta kwao, hata msimu wa kwanza mke wangu akachoka kutazama, akavaa koti langu na kofia yangu kwa ajili ya vumbi, akalima shamba lote mimi nikiwa darasani, bwana shamba akapita barabarani akadhani ni mimi, jioni akaja kunipa mkono wa pongezi, nami nikaupokea. Nimeupokea miaka ishirini na sita, wapita njia wakiita "Mwalimu!" na yeye akiinua mkono tu, na vyeti vitatu vya ulimaji bora viko sebuleni kwa jina langu. Watoto, wakati wa kulima, walikuwa bwenini.

Juzi binti alikuwa akiliosha trekta la zamani, akaja chumbani kwangu na kigogo cha mbao kilichokuwa kimefungwa kwenye pedali ya klachi kwa mpira wa tairi. "Baba, miguu yako inazidi kitanda. Hiki cha kufikishia mguu mfupi kilikuwa cha nani?" Nikasema ni cha kuzuia kuteleza. Mama yake, aliyekuwa akikunja shuka, alicheka mpaka akakaa. Tulipobaki wawili nikamwambia nataka kusema kweli. "Acha, mzee wewe," akanijibu, "sifa si zimeingia nyumba hii hii?"

Ninapoandika haya naona fahari juu ya mwanamke yule. Niseme, niharibu sherehe ya binti yangu, au niondoke na siri hii?

*

Shikamoo, mzee wangu. Nimekuhurumia, kisha nimekukasirikia.

Binti alisimama kando ya kitanda na ushahidi mkononi, ukamdanganya, halafu unakuja kuniungamia mimi nisiyekujua! Sherehe gani unayoogopa kuiharibu? Ya kumshangilia abiria? Na usijifiche nyuma ya maneno ya mama. Kukuachia si kuridhika.

Hata hivyo, wengi wangeondoka na kibao chao kimya kimya. Wewe umeshindwa, na hiyo ni sifa yako halali.

Sasa fanya hivi. Leo, usingoje kesho, mwite binti umwambie kwa mdomo wako, mama akisikia. Kibao kirudi kwa fundi kichongwe jina la mama, na muda usipotosha, trekta liende bila kibao. Kigogo kifungwe tena kwenye klachi. Jumamosi mama avae lile koti, aendeshe trekta la zamani mwenyewe hadi chuoni, watu wamwone. Akirudi, awe wa kwanza kupanda hilo jipya. Najua atakuwa na la kusema kuhusu mistari ya trekta hilo.

Wewe ufunikwe blanketi, uwekewe kiti langoni mwa chuo. Akikukaribia, ita kwa nguvu zote zilizobaki: "Mwalimu!" Akiinua mkono, safari hii ameitwa yeye.