Vumbi la Shemeji Merle

Jumanne, 3 Septemba 2013

Shemeji Merle kalazwa leo, kesho anabadilishiwa nyonga. Kanikabidhi ufunguo wa ghala na amri moja: chaji betri, washa, zima, toka. "Usiguse kitu kingine, Wendell." Mimi! Mwenye gari safi kuliko yote katika kaunti hii, naambiwa nisiguse.

Gari lenyewe ni Studebaker ya 1955. Limekaa ghalani tangu sijui lini, na vumbi limelala juu yake kama blanketi. Basi mwaka jana vumbi hilo ndilo lililonishinda! Kwenye maonyesho ya magari ya kale ya mji kuna kundi la "Kama Lilivyokutwa", la magari yasiyosafishwa. Merle akalipakia kwenye trela, akalileta na uchafu wake wote. Watu wakajaa, wanapiga picha, wanashusha sauti kama wako kanisani. Mimi na Bel Air yangu ya '57, niliyoisugua hadi nati kwa mswaki, tukabaki na mzee mmoja aliyetaka kujua choo kiko wapi. Kombe kubwa la siku akachukua Merle. Kwa uvivu!

Mwaka huu ni Jumamosi ya tarehe 14. Nimeahidi kumlindia. Dada yangu Nadine, aliyekuwa mke wake — mwaka wa nne sasa hatunaye — angecheka sana. Fisi kakabidhiwa bucha.

Alhamisi, 5 Septemba

Balaa.

Betri imechaji, injini imewaka, safi kabisa. Natoka, nikajikwaa kwenye waya wa chaja — hamadi! Kiganja kizima juu ya buti. Vidole vitano, wazi kama alama za polisi.

Nikapuliza. Ikawa mbaya zaidi. Nikasema nilainishe kingo kidogo tu kwa kitambaa. Kitambaa ninacho mfukoni siku zote, ndiyo kasoro yangu. Halafu sijui. Kweli sijui! Mkono huu una miaka arobaini ya kufuta magari, haungoji ruhusa ya mtu. Niliposhtuka nilikuwa napiga mluzi, buti lote linang'aa, madigadi mawili ya nyuma yanang'aa, na kopo la nta liko wazi.

Rangi ya chini ni kijani cha njegere. Nzuri ajabu! Nilifurahi kama dakika tatu. Kisha nikakaa sakafuni.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimemwambia mke wangu. Lorna alicheka hadi akashika meza. Yaani nimeharibu gari la mtu kwa kulisafisha? Ndiyo. Basi nikamwambie Merle kweli, akasema. Sithubutu! Mtu mwenye nyonga mpya hapewi habari mbaya.

Jioni sisi wenye magari ya kale tulikuwa uwanja wa duka la aiskrimu kama kila Ijumaa, boneti wazi, viti vya kukunja nyuma ya magari. Nikamvuta Clyde Bontrager pembeni. Clyde anajua kila kitu, na asichokijua anakisema vilevile. Tuseme, nikamuuliza, mtu anataka kurudisha vumbi kwenye gari.

"Mtu gani?"

"Rafiki yangu."

"Huyo rafiki yako naye anatembea na mswaki?"

Kisha akanong'ona: unga hapana, ukipata unyevu unakuwa uji. Vumbi la ghala lilelile, ulichekeche, ulipeperushe kwa feni. Amejuaje? Sikuuliza. Lakini kombe lake la 2009, kundi hilohilo, sasa nalitilia shaka.

Jumapili, 8 Septemba

Nilianza na poda ya watoto. Gari likanukia kama linapelekwa kubatizwa. Nikafuta. Nikajaribu mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi — manyoya ya mbwa, na kifungo cha shati langu. Nikafuta. Mwishowe nikapanda ngazi, nikakwangua juu ya boriti, nikachekecha kwa chekeche ya Lorna ya unga, feni taratibu...

Salaale! Huwezi kujua. Hata mimi mwenyewe nimesahau mpaka wa vumbi jipya na la zamani uko wapi.

Nimemrudishia Lorna chekeche yake. Kasema nikae nayo.

Nimepona!

Jumanne, 10 Septemba

Sijapona.

Nimempelekea Merle pai hospitali. Alikuwa mchangamfu, ananitania, eti nilivyo mzito hata nyonga yake ya chuma itanishinda mbio. Halafu akaweka uma chini. Akauliza, maneno bado yapo?

Maneno gani?

Kwenye buti, akasema. Yamefifia, lazima uiname pembeni ndipo uyaone. Nadine aliandika kwa kidole, majira yale kabla hajaugua. Alitaka waende na gari hilo kwenye karamu ya kanisa, Merle akasema kesho, akasema wiki ijayo. Dada akaenda ghalani akaandika: NIOSHE, MERLE.

"Sasa unaelewa kwa nini silioshi," akasema. "Usimwambie mtu."

Mwaka mzima nimemwita mvivu. Mbele za watu! Nikala pai yake yote, sikusikia ladha.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetoa kadi za mapishi za Nadine, niuige mwandiko wake. Alitumia mkono wa kushoto, herufi zake zimelala kama nyasi zenye upepo. Nikahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Basi nikachekecha vumbi juu ya Bel Air. Mimi, kwa mikono yangu! Nikaandika, nikafuta, nikachekecha tena. NIOSHE MERLE mara kumi na tisa. Jirani alipita na mbwa wake, akasimama, akaondoka bila salamu.

Lorna akatokea mlangoni. Nikadhani atacheka. Hakucheka. Ile ya mwisho ilikuwa yake kabisa, Nadine mtupu, na nikaona ni uongo mtupu, nikalia pale juu ya boneti yangu chafu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nilikwenda ghalani. Nikaandika herufi ya kwanza. Kidole kikagoma. Kuendelea siwezi, kufuta siwezi. Merle anatoka kesho.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika hapa nje ya ghala, kwenye daftari hili hili, maana sijui mikono niipeleke wapi.

Merle hakutaka hata kupita nyumbani. Akaingia akijiegemeza kwenye kigari cha kutembelea alichopewa hospitali, taratibu, moja kwa moja hadi nyuma. Akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu. Akaona ile herufi moja. Nami nikamwaga yote — kiganja, kitambaa, nta, feni, chekeche. Nikasema, "Nisamehe, shemeji. Nimekufutia dada yangu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Akauliza tu, rangi ya chini ikoje?

"Kijani cha njegere."

"Nilishaisahau. Aliichagua yeye." Kisha: "Nenda nje, Wendell."

Basi niko nje. Dakika ishirini sasa. Trela ya kesho iko pale barabarani, Clyde ameileta mwenyewe, anajifanya anaangalia matairi. Sipati kusikia kitu ila —

Anaita! Nimeharibu mwandiko.

"Wendell! Ndoo iko wapi humu?"

Ndoo nimeikalia.