Usitoe Jiwe Chini ya Gurudumu

Ndila,

Chai iko kwa thermos. Ukiamka usitoe hilo jiwe chini ya gurudumu la nyuma. Kwa sasa ndilo handbreki yetu.

Asubuhi nilirudisha gari nyuma hadi karibu na geti, nikavuta handbreki kama nilivyozoea, nikashuka kufungua. Nikasikia kitu kinanifuata polepole, nikadhani ni mbwa. Kumbe ni gari. Geti limepinda, na mama yako amecheka mpaka akaketi chini. Yeye ulimwambia jana kwamba kebo ya zamani ya handbreki haishikani na hizi diski za breki ulizofunga. Mimi mwenye gari sikuambiwa. Sawa tu.

Leo pitia Ruiru kwa yule wa spea za mtumba aliyekuuzia diski, utafute kebo iliyotoka kwa gari lilelile zilikotoka diski. Beba ya zamani upime urefu.

~~Ukishindwa nirudishie breki zangu za dramu.~~ Hapana, acha diski. Kusema kweli zinashika vizuri, bora kuwe na mtu ndani ya gari.

Na ile dramu ya breki uliyoacha kwa sinki, nimeibeba. Kanisani hatuna kengele tangu ile rimu ya gari tunayogonga ipasuke. Hii nimeijaribu na spana, nadhani hata watu wa kule Kalimoni wamesikia. Kwa hivyo Jumapili usiniambie tena kengele haikufika kwako kitandani. Umeifungua kwa gari wewe mwenyewe.

Baba yako,
mwenye gari