Kwa Hisani ya Mwenye Shamba

Thrandley,
3 Machi

Mjukuu wangu Tamsin,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanigombeza kila mvua ikikaribia, na hapa kwetu mvua haikai mbali. Wewe je, na kazi ya hospitali huko Leeds?

Bwana Pelham, aliyenunua shamba la marehemu Garrod, amesimamisha kibao penye njia yetu ya malishoni: "Karibuni mpite, kwa hisani ya mwenye shamba." Watu wamefurahi. Jirani yetu Maud Sallow amemwokea keki. Mimi peke yangu nimenuna, na nitakueleza sababu. Sheria yetu inasema njia ikipitwa na watu miaka ishirini, bila nguvu, bila kificho na bila ruhusa, kupita kunakuwa haki yao. Sisi tumeipita tangu enzi za babu wa babu yangu, kwenda kanisani, baa, na shuleni shule ilipokuwapo. Tukiipokea hisani sasa, tumekiri kwamba siku zote tulikuwa wageni. Na anayekukaribisha leo aweza kukufukuza kesho.

Nimeiomba halmashauri iiandike njia hii kuwa ya umma.

Babu yako,
Ambrose


Leeds,
11 Machi

Shikamoo Babu,

Mimi mzima, usingizi tu ndio haba. Mpe pole goti.

Nilicheka kuhusu keki, kisha nikaacha. Njia ikifungwa, utafikaje kanisani? Barabara kuu haina pa kukanyaga mwenda kwa miguu, na yale malori hayajui mzee wala mbwa. Mama nami tumekubaliana: ikifungwa, unahamia kwangu. Chumba kipo. Tafadhali, mwambie Bwana Pelham asante, mle keki, yaishe. Na usinune.

Mjukuu wako,
Tamsin


Thrandley,
19 Oktoba

Mjukuu wangu,

Natumaini u mzima. Nisamehe kimya changu. Nilikuwa nimenuna, kama ulivyonikataza.

Pelham amelipinga ombi langu kwa halmashauri, hivyo jana mkaguzi kutoka serikalini alisikiliza mashahidi katika ukumbi wa kijiji. Wakili wa Pelham alimwinukia Maud.

"Bi Sallow, uliwahi kumwomba Bwana Garrod ruhusa ya kupita?"

"Kila siku! Mimi nimelelewa, bwana."

Ruhusa ikiombwa, haki haipo. Nilijiona nimeshafunga sanduku, niko Leeds nahesabu mabasi dirishani. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Maud, hizo adabu zako zitatuzika."

Mkaguzi akavua miwani. "Ulimwambiaje hasa?"

"Nilimwambia, 'Si vibaya nikipita, eh?'"

"Naye akajibu nini?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nimeshapita."

"Na kama angekataa?"

Maud akamtazama kama mtoto aliyeuliza kama maji yanalowesha. "Akatae nini? Njia yetu? Garrod alikuwa mkorofi, lakini hakuwa mwendawazimu."

Watu walicheka, hata wakili. Lakini mimi sikulala vizuri. Wajua, mwanangu, kwetu "si vibaya?" haiombi kitu, ni kama kugusa kofia. Aliyekulia kijijini analijua hilo. Karatasi hailijui, na mkaguzi huandika kwenye karatasi. Chumba usimpe mtu bado.

Babu yako,
Ambrose


Leeds,
2 Novemba

Shikamoo Babu,

Sisi wazima. Nimeisoma barua yako kwa sauti kazini, chumba cha wauguzi kizima. Wote wamesema jambo moja: mkaguzi ni Mwingereza kama sisi. Ameelewa.

Mjukuu wako,
Tamsin


Thrandley,
16 Januari

Tamsin wangu,

Goti halijambo, nami nimezidi. Uamuzi umefika: njia ni ya umma, na mkaguzi ameandika kwamba Bi Sallow "hakuomba ruhusa, alisalimia."

Pelham alikuja mlangoni mwenyewe, uso umemshuka.

"Haya, mzee, mmeshinda. Na matope nayo ni yenu?"

"Ardhi bado ni yako," nikamfafanulia. "Kupita ndiko kwetu. Matope tunaweza kugawana."

Akaangua kicheko. "Basi Jumamosi nitaleta trekta na kokoto. Sitaki kuwaopoa wazee malishoni kwangu."

Kijiji chote kinakuja na sepetu. Mpangishe chumba mwenye shida nacho, kisha panda treni ya Ijumaa. Mabuti ya bibi yako bado hayavuji. Nimeyapima mtoni leo asubuhi.

Babu yako,
Ambrose