Bunduki ya Babu Imetoka Nyumbani

Kamuli, Jumanne jioni

Mabega yananiuma kwa uzito wake, lakini hatimaye imetoka. Ile bunduki ya kuwindia tembo, ambayo babu aliachiwa na Mwingereza ambaye yeye babu alikuwa akimbebea silaha porini enzi za ukoloni, leo tumeisalimisha polisi.

Miezi miwili nimebishana na baba. Tangazo la polisi lilisema wazi kwamba anayesalimisha silaha haramu kwa hiari hashtakiwi. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Ni ya baba yangu." Nami nilikuwa naogopa afungwe, na umri ule...

Askari aliipokea kwa mikono miwili. Mitutu yake ni mipana, kidole gumba kinaingia. Alifuta kutu, akasoma jina la fundi wa Uingereza aliyeitengeneza.

"Mzee, umewahi kuipiga?"

"Mara moja, nikiwa kijana. Iliniangusha chali, bega likateguka."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza.

Njiani kurudi baba alitangulia mbele mpaka tulipofika kwenye migomba yetu. Ndipo akasema, "Mwanangu, sikuwahi kuipenda. Kila gari likisimama barabarani, nilijua wamekuja kunikamata. Lakini nilimwahidi baba kwamba sitaitoa. Nilikuwa nasubiri mtu wa kunilazimisha."

Miezi miwili! Nilitaka kukasirika, nguvu sikuwa nazo. Nilikaa tu chini pale pale, juu ya majani makavu ya migomba, naye akaja akakaa kando yangu.