Baiskeli Mbili hadi Muramvya

Kibenga, Bujumbura, 18 Aprili 2004

Kwako shemeji Gélase,

Salamu nyingi kutoka Buja. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kigoma, wewe na mtoto wako Orlane. Sisi tuna afya, ila Patricia mke wangu anasumbuliwa na mgongo. Kazi ya depo kule Zone Industrielle inaendelea. Anwani yako nimepewa na Moïse, seremala mwenzako, nilipokutana naye mtaa wa Asiatique akinunua misumari.

Shemeji, barabara imefunguka. Magari yanapanda Bugarama bila kusubiri msafara wa askari. Nimekumbuka Jumamosi zetu za kabla ya vita, nikanunua baiskeli mbili, za mitumba lakini ngumu, zote zina vitesi, yaani gia. Njoo mwezi wa saba, milima ikiwa mikavu. Hatutajiua kwa kupanda: Massoudi, dereva wa depo, atatupakiza kwenye kamioneti yake mpaka Bugarama, tule brosheti za nyama, ndipo tuteremke polepole. Tukifika kilima tunashuka, tunasukuma, tunapiga soga. Jumamosi tunalala Muramvya kwa mama, mkweo. Jumapili tunaendelea hadi Gitega. Siku mbili tu, kama watu wasio na shida.

Niambie kama goti lako bado linauma, niinue kiti.

Shemeji yako,
Jovithe

Kigoma, 9 Mei 2004

Shemeji Jovithe,

Asante kwa salamu. Tuko wazima. Goti haliumi. Mpe pole Patricia.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jina la Nella. Kiti cha baiskeli kimo, brosheti zimo. Dada yako hayumo.

Basi nitamwandika mimi. Machi 1995, siku mtaa wetu wa Bwiza ulipoungua, nilifika getini kwako na mke wangu ana mimba ya miezi saba. Tulibisha hodi. Ulikuja, tukaona viatu vyako chini ya geti. Nella akasema, "Kaka, ni mi. Fungua." Ukamjibu, "We peke yako, ndiyo. Na huyo bwana yako, apana. Nina batoto mu nyumba." Akasema, "Basi tunaenda sote." Tukashuka ziwani, tukapata mtumbwi wa kutuvusha hadi Uvira. Huko, miezi miwili baadaye, akamzaa Orlane, akatoka damu, akafa kabla jua halijazama.

Kisha nikasikia kwamba ulimwambia mama nilimburuta Nella kwa nguvu, na wewe ukamsihi abaki. Miaka tisa mama mkwe wangu ananihesabu muuaji. Na Orlane ananiuliza kwa nini wenzake wana bibi na yeye hana.

Nitakuja kuendesha baiskeli yako. Lakini nyumba ya mama sitaingia mpaka umwambie ukweli, kwa mdomo wako, kabla sijafika.

Mume wa dada yako,
Gélase

Kibenga, 23 Mei 2004

Shemeji mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Patricia amepata nafuu kidogo.

Maneno yako yameniumiza. Hukuwa upande wangu wa geti. Asubuhi ile vijana wenye mapanga walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakisema atakayemficha mtu wa kabila lako ataondoka naye. Nilikuwa na watoto wanne chini ya kitanda. Ungefanya nini? Vita ilitupoteza sote, shemeji. Kwa nini tuifukue?

Mama ana miaka sabini na minne, moyo wake mbovu. Habari kama hii inaweza kumuua. Twende tu, tuketi pale, aone kwa macho yake kwamba tunapatana. Inatosha.

Breki za nyuma nimeshabadilisha, na nimeongeza kikapu cha kubebea nguo.

Shemeji yako,
Jovithe

Kigoma, 6 Juni 2004

Shemeji,

Salamu. Tuko wazima.

Pengine nami ningeogopa. Woga wako niliusamehe zamani, kabla hatujafika ng'ambo. Uongo sijausamehe.

Mwambie, au uza baiskeli moja.

Gélase, baba Orlane

Kibenga, 15 Juni 2004

Shemeji mpendwa,

Habari za huko? Hapa kwema.

Nilipanda Muramvya Jumapili. Nimemwambia mama yote. Alilia kidogo, akasema uje. Tarehe 3 Julai Massoudi atatungoja saa moja asubuhi. Lete sweta, Bugarama kuna baridi.

Shemeji yako,
Jovithe

Kigoma, 11 Julai 2004

Jovithe,

Natumaini umefika nyumbani salama na umemkuta Patricia hajambo. Mimi nilimkuta Orlane mzima. Jumapili ile niliondoka alfajiri bila kukuaga, ndiyo sababu naandika.

Jumamosi ilikuwa nzuri, sitakataa. Ule ukungu wa Bugarama, akina mama na vikapu vyao vya karoti, wewe ukiimba kwenye mteremko bila kugusa breki. Kwa saa mbili nilikupenda kama zamani.

Mama akatupokea, akatupa viti, akasubiri tumalize maziwa. Ndipo akaniuliza mbele yako, "Gélase, juu ya nini ulimuburuta mutoto yangu?"

Nikakutazama. Ukasimama, ukasema gurudumu la nyuma limeishiwa upepo, ukatoka. Tukasikia pampu. Gurudumu lile lilikuwa limejaa, Jovithe. Niliiegemeza baiskeli ukutani kwa mikono yangu.

Nikamweleza yote. Hakulia. Aliingia chumbani, akarudi na karatasi iliyochanika kwenye mikunjo, na mwandiko ni wa Nella. Aliiandika Uvira wiki moja kabla ya kujifungua, na Mwavita, yule Mkongo muuza vitenge, akamletea mama Muramvya mwaka ule ule. Geti limo. Viatu vyako vimo. Maneno yako yamo, neno kwa neno.

"Miaka tisa namungojea aniambie yeye mwenyewe," mama akasema. "Mwezi jana alikuja, akakula, akasifu maharage, akaenda. Leo nimekuuliza we, ili yeye ajibu."

Tulikaa tukisikiliza pampu yako. Hukuacha kupampa. Niliogopa mpira utapasuka.

Kisha akanishika mikono, akaniomba radhi kwa miaka yote hiyo. Hakujua anipate wapi. Mwisho wa mwezi huu nampelekea Orlane. Akanisihi nisikuambie habari ya barua. "Ataona haya," akasema, "na ni mutoto moja tu nilibakia naye." Nimemtii wiki nzima. Nimeshindwa, kwa sababu wewe utaendelea kuamini umemdanganya, na yeye ataendelea kungoja mpaka afe.

Baiskeli nimeiacha uani kwake. Nenda ukaichukue. Ukifika, keti, useme naye.

Mume wa dada yako,
Gélase

Kibenga, 8 Agosti 2004

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Orlane mmerudi Kigoma bila matatizo. Sisi hatujambo, mgongo wa Patricia ni vilevile.

Barua yako niliipata. Kazi ya depo ilinibana, kwa hiyo nilimtuma Massoudi kuichukua baiskeli. Anasema alimkuta mtoto uani na mama, wanachambua maharage, wanacheka. Nimefurahi.

Nimekuwa nikifikiri: mwezi wa tisa, kabla ya mvua, tufanye safari nyingine. Kuna njia ya Ijenda. Najua kule juu bado kuna risasi, lakini wanasema zimepungua. Ni njia nzuri, ina miteremko mirefu, na haipiti Muramvya.

Nijibu upesi, nimpe Massoudi tarehe.

Shemeji yako,
Jovithe