Kivuko cha Saa Nne

Papa,

Jumamosi ninanunua pikipiki. Tulibishana juu yake miaka miwili mbele ya kioo cha duka la Mgiriki, kwa hiyo haifai ubaki hujui nani alishinda.

Kwanza habari za nyumbani, kama ulivyotufundisha kuanza barua. Mama yuko. Anakula kidogo. Migomba uliyopanda nyuma ya jikoni imezaa, tumeshakata mkungu mmoja, na mwingine wameuwahi nyani. Paa la upande wa mvua bado linavuja palepale. Mimi bado niko kazini dukani, nafungua masanduku, nafunga pikipiki mpya, naziwasha, nazijaribu kabla mwenye nazo hajaja. Nikiulizwa hali yangu nasema nzuri. Sijui neno jingine la kusema. Miezi mitano sasa nasema nzuri.

Unakumbuka Jumapili zetu. Misa ikiisha tulishuka mpaka mtoni, tukavuka na kivuko, tukasimama mbele ya kioo duka likiwa limefungwa. Mimi naziona pikipiki hizo wiki nzima, mikono yangu imejaa mafuta yake, lakini Jumapili nilisimama nje na wewe kama mgeni. Ya kijani ya Waingereza, nyeusi ya Wadachi, nyekundu ya Wabelgiji. Wewe uliziita tukutuku zote, ndogo na kubwa. Mimi nilitaka nyekundu. Tangi lake limelala mbele kama mnyama anayetaka kuruka, usukani uko chini, na ukiiwasha watu wa mtaa wa pili wanageuka. Wewe ulisema, "Mbio haiko kelele, mwana. Nilifanya kazi kwa gari la moshi miaka makumi mawili na sita. Ile yenye kupiga kelele sana ilikuwa ile yenye kuchelewa." Kisha uliinama mpaka kofia ikagusa kioo, ukaitazama nyeusi, ukasema ile iko na adabu.

Nikakucheka. Nikasema adabu haipandi mlima. Ukajibu kwamba hata pikipiki yangu ndogo, hiyo Mbuzi, haipandi, na haina adabu pia.

Mbuzi bado ipo. Ndogo vilevile, inalia vilevile. Watoto wa njiani bado wanaijibu kwa kulia kama mbuzi nikipita.

Sasa nieleze ile siku. Sijaieleza kwa mtu. Watu wanaijua kwa namna nyingine: kwamba Papa alishikwa na kifua asubuhi, mwanawe akamfunga mgongoni kwa kikwembe, kitenge cha Mama, akamchukua kwa pikipiki ndogo kilometa kumi na mbili mpaka mtoni, wakakuta kivuko cha saa nne kimekwisha kuondoka. Mvuvi mmoja akawachukua kwa mtumbwi kuelekea ng'ambo kwenye hospitali, na katikati ya mto Papa akafa. Hayo yote ni kweli. Kichwa chako kilikuwa begani kwangu. Kilikuwa chepesi, kisha kikawa kizito. Mvuvi aliendelea kupiga kafi kwa sababu hakujua, na mimi sikumwambia mpaka tulipofika.

Kwenye kilio kila mtu alisema ni pikipiki. Tonton, ndugu yako, alisema ni pikipiki. Mama alisema, "Ile Mbuzi ndiyo ilimuua. Ununue yenye mbio, isituue na sisi." Ameyarudia karibu kila wiki. Mimi nikayakubali. Yalikuwa maneno mepesi kubeba.

Kwa hiyo nikaanza kupima. Nilimwomba bwana wa duka ruhusa ya kuvuka na zile tatu za kuonyesha, moja moja, siku za Jumamosi, nikamwambia natafuta ya kununua. Alikubali. Ananiamini kwa mashine, si kwa mengine. Nikachukua saa yako ya kazi, ile ya mnyororo, na gunia la mchele. Niliongeza mchele mpaka Mama alipojaribu kulinyanyua akasema, "Basi, inatosha." Hakuuliza linatosha kwa nini. Akanipa kikwembe kilekile, nikalifunga gunia mgongoni, nikatoka uani saa tatu na nusu, saa ileile tuliyotoka wewe na mimi.

Wanawake wanaouza mihogo pale kwenye njia panda waliniona Jumamosi ya kwanza, wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja aliita, "Fundi, umeoa gunia? Bibi huyo hasemi?" Jumamosi ya pili alisema, "Naona ndoa inaendelea." Ya tatu aliinamia mihogo yake tu. Nadhani mtu alikuwa amemwambia.

Ya kijani ilifika mtoni kwa dakika ishirini na nne. Breki zake nzuri, lakini inamwaga mafuta kama mtoto mwenye kamasi. Ningewahi kivuko, lakini kwa kukimbia. Nyeusi ilichukua dakika ishirini na mbili, na kwenye yale mashimo ya darajani gunia halikusogea. Nyekundu ilichukua kumi na nane. Papa, kumi na nane kwenye barabara ile. Miti ilikuwa inapita kama maji. Nilifika kivuko kikiwa bado kinapakia magari, nikasimama pale na gunia mgongoni, nikasikia kitu kama furaha, kisha nikasikia hasira, kisha sikusikia kitu. Nikasema basi, ni kweli. Ningekuwa na nyekundu, ungekuwa hai. Nikapanga kuinunua.

Ni wewe uliyenizuia. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilipokuwa nanawa nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia kila tulipolinganisha vitu, hata majembe, hata kuku: "Pima kwanza ya kwako. Ukipima ya wengine tu, uko unaota." Mbuzi sikuwa nimeipima. Niliona haina haja, naijua.

Jumamosi iliyofuata nikaamka, nikafunga gunia, nikapeleka Mbuzi uani. Nikatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Nikasimama kungoja ifike saa tatu na nusu. Na pale, nikiwa nangoja na gunia mgongoni bila kazi ya kufanya, nikaona kwamba siku ile pia tulikuwa tayari saa tatu na dakika kumi.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha jikoni. Mama alikuwa na kikwembe mkononi. Ukasema, "Siwezi kwenda kwa wazungu na shati hii. Wataniacha chini ya ukuta." Mama akasema, akikuita kwa jina langu kama kawaida, "Achana na shati, Papa Feliksi. Muende." Na mimi, mwanao, fundi, mtu wa mjini, nilisema una haki. Niliwahi kuona pale hospitalini jinsi wanavyopitisha macho wakichagua nani aingie kwanza. Nilitaka wakuone kama mtu wa kazi. Nilitaka wanione mimi pia. Moto wa jikoni ulikuwa umezimika, nikaenda kwa jirani kuomba makaa. Nikajaza pasi yako ya jogoo, nikapepea, nikangoja ishike. Nikapiga kola, nikapiga mikono, nikapiga mgongo ambao hakuna mtu angeuona kwa sababu ulikuwa unafungwa na kikwembe. Ukasema, "Vizuri." Dakika ishirini.

Sikungoja saa tatu na nusu. Nilipiga Mbuzi teke, nikaondoka saa tatu na dakika kumi na gunia langu. Ililia njia nzima. Kwenye mlima nilisukuma kwa mguu kama siku ile. Dakika arobaini kamili. Saa nne kasoro kumi nilikuwa mtoni. Kivuko kilikuwa kimelala pale, mlango wake chini, magari mawili tu yamepanda. Nikapandisha Mbuzi, nikakaa juu ya kamba. Nilikuwa na nafasi ya kunywa kahawa kama ningetaka.

Yule baharia mzee anayefunga minyororo alikuja. Ndiye aliyetuona siku ile kutoka katikati ya mto, tukiwa tumesimama ufukweni. Alitazama gunia, akatazama kikwembe. Akasema polepole, "Fundi, leo umewahi."

Nikasema ndiyo.

Tukavuka. Nikashuka ng'ambo, nikaenda na gunia mpaka mlango wa hospitali, nikageuka, nikarudi. Mchele huo tumeula. Mama aliupika mwenyewe. Nilimwambia nimeipima Mbuzi. Aligeuza chungu, akasema tena, "Ununue yenye mbio." Ndipo nikaelewa kwamba tangu mwanzo alijua. Alikuwepo jikoni. Miezi mitano ameitukana ile pikipiki ndogo, na pasi hajaitaja hata mara moja. Na mimi sikumwambia kwamba nimeelewa. Nilikula.

Jumapili iliyopita tuliondoa matanga. Tonton na wajomba waligawa vitu vyako kama desturi inavyotaka. Kofia ilikwenda kwa Tonton mwenyewe, inamfikia masikioni. Taa kwa dada. Kiti kwa Mama, ambaye alikuwa anakikalia tayari. Ikaja zamu yangu, na Tonton alikuwa ameishika saa yako mkononi kabisa, mnyororo unaning'inia, kwa sababu kila mtu alijua mtoto wa kwanza atataka saa. Nikasema naomba pasi. Watu wakacheka kidogo. Tonton akasema, akichanganya Kifaransa chake, "Bon, mwanaume na pasi, alors utaoa lini?" Mama hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, akaileta mwenyewe, akaniwekea magotini. Majivu ya siku ile yalikuwa bado ndani. Hakuna aliyeyamwaga.

Saa imekwenda kwa mdogo wangu. Ataivunja, lakini ni yake.

Basi, nyeusi. Umeshinda. Nyekundu ina mbio kuliko zote na nitaendelea kuitazama kwenye kioo, sitakudanganya. Lakini kiti chake ni cha mtu mmoja anayekimbia. Nyeusi ina kiti kirefu na mahali pa kuweka miguu nyuma, na mgonjwa anaweza kukaa bila kufungwa kama mzigo. Huku kwetu barabara nzima kuna watu na hakuna gari. Nimewaambia wa pande zote mbili za njia panda kwamba Jumamosi pikipiki itakuwa imefika, waje kuniita saa yoyote. Yule mama wa mihogo amesema, "Kumbe bibi gunia umemwacha." Nikacheka, Papa. Kidogo.

Mbuzi siiuzi.

Nimemaliza karatasi. Lala sasa, usingoje kitu kwetu. Nakuahidi hili moja: mtu akiniita, nitatoka nilivyo, naye nitambeba alivyo, miguu mitupu, shati lililochanika, hata uchi chini ya blanketi. Langoni, wakimtazama vibaya, nitasimama naye mpaka waache kumtazama hivyo. Pasi yako nitaiwasha Jumapili asubuhi tu, kabla ya misa, wakati hakuna mtu anayengoja.

Mwanao,
Feliksi