Maji Niliyomruhusu Dorine

Lubumbashi, Hewa Bora
Tarehe 2 Machi 2026

Mpendwa mama mukubwa Laurentine,

Pokea salamu zangu. Goti linaendeleaje, na mvua imewaachia barabara huko Mitwaba? Sisi wazima, mwili angalau.

Ningepiga simu, lakini kwa simu mimi hushinda hata kesi nisizostahili. Hii lazima nishindwe.

Mkwe wako Sefu alikuambia kwamba Dorine anaichezea Ramadhani yake ya kwanza tangu asilimu. Kwamba Mama Tausi, mama yake Sefu, alimkuta akinywa maji saa sita mchana. Ukamkataza binti yako asikupigie mpaka ajifunze adabu. Mama mukubwa, aliyekosa adabu ni mimi.

Unanijua: shule niliiacha mapema, nikajisomesha, na mtaani wananiita profesa. Sijawahi kuwasahihisha. Dorine aliposilimu nilinunua kitabu cha nguzo tano ili nimwelekeze. Shahada nikaisoma, swala nikaisoma, zaka nikaichungulia. Saumu ilikuwa ukurasa wa arobaini. Mimi niliishia wa thelathini na moja, ila mdomo uliendelea mpaka mwisho.

Mwaka huu Carême, Kwaresima yetu, na Ramadhani yao zimeanza wiki ileile moja. Siku ya pili Dorine akanijia mimi kaka yake mkubwa, midomo imemkauka.

"Yaya, kiu inaniua. Hata mayi hapana?"

"Kunywa, mudogo wangu! Chakula ndiyo inakatazwa. Mbona siye tunakunywa mayi mu Carême?"

Akanywa siku saba, mbele ya watu. Anayedharau saumu hujificha. Hilo nilipaswa kulisema siku ileile alipokutwa. Alipoulizwa nani alimfundisha, alinyamaza asiniaibishe. Nami nilikuwa palepale sebuleni, ninatazama viatu vyangu.

Jana nilikwenda kwao wakati wa kufuturu, bila kualikwa, nikaungama yote. Mama Tausi alinipima kwa macho.

"Profesa, zile siku saba atazilipa Dorine. Weye hata ufunge mwaka muzima, hautamulipia hata moja."

Sefu akamwomba mkewe radhi. Dorine akanicheka, akaniongezea wali. Ningependelea kofi.

Sasa umebaki wewe peke yako unayemkasirikia bure. Nakuomba, mpigie leo. Simu haimtoki mkononi. Hata akiswali huiweka kando ya mkeka, jambo ambalo sina hakika kama linaruhusiwa, na safari hii sijamwambia lolote.

Nisalimie baba mukubwa Mwaba, na Léa na watoto wake. Mungu awape mvua ya kiasi na usingizi mtulivu.

Wako akupendaye, ingawa kwa haya,
Edouard